Saa 72 za Mwanzo: Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Kijana Aliyefanyiwa Ukatili wa Kingono

Walimu wa malezi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na maafisa ustawi wa jamii wapya wa Mtwara na Lindi wananiletea swali lile lile: "Mtoto alikuja akasema, tukahangaika naye, mbona kesi imekufa na dawa hakupata?" Ukifuatilia, hawakukosa huruma. Walikosa mpangilio. Mtoto aliogeshwa kwanza, akahojiwa na kila aliyefika, kikao cha ukoo kikaketi, hospitali ikawa ya mwisho.

Mwongozo huu unapanga kazi kuanzia dakika unayoambiwa. Ni kwa vijana wa miaka 10 hadi 17, wasichana na wavulana.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hajaja mtu

- Namba za simu kwenye karatasi, si kwenye simu tu: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wilayani kwako, afisa ustawi wa halmashauri, muuguzi wa zamu wa kituo chenye kliniki ya CTC (huduma na matibabu ya VVU), na dereva unayemwamini. Ongeza 116, simu ya msaada kwa mtoto. Ni ya bure, usiku na mchana.
- Bahasha kubwa za kaki au mifuko ya karatasi, na kalamu ya wino.
- Daftari la kesi linalofungiwa kwa kufuli.
- Khanga safi, nguo ya kubadilisha, chupi mpya, taulo za kike, maji ya kunywa na chochote cha kula.
- Nauli na salio la simu. Kesi nyingi hukwama hapa, na ni jambo la kusikitisha mno mtoto kukosa dawa kwa sababu ya nauli ya bodaboda. Kubaliana na mtendaji wa kata mapema fedha hiyo itatoka wapi.
- Chumba kimoja chenye mlango unaofungika.

Wiki hii hii, kabla ya tukio lolote, piga simu vituo vya jirani uulize: dawa za PEP (za kuzuia maambukizi ya VVU) za watoto zipo? Nani anajaza PF3, fomu ya polisi ya matibabu? Kituo cha Mkono kwa Mkono (matibabu, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja) kilicho karibu ni kipi? Aliyeko Liwale ndani au kisiwani Songosongo hawezi kuanza kuuliza hayo usiku wa tukio, wakati barabara imejaa tope au mashua haijafika.

## Hatua ya 1: Mtoe kwenye macho ya watu

Mpeleke chumbani, mpe maji, mfunike khanga ikiwa nguo imechanika. Kaa naye usawa mmoja. Yeye akiwa kwenye mkeka, nawe kaa mkekani. Kaa upande, usimzibie mlango. Aone kwamba anaweza kutoka.

Jitambulishe kwa maneno machache: "Mdogo wangu, mimi naitwa fulani, kazi yangu ni kusaidia watoto. Hapa uko salama. Hulazimiki kusema kila kitu."

Kama anatetemeka au anapumua kwa shida, usimwambie "tulia". Mwambie akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ashike ncha ya khanga, akutajie vitu vitano anavyoviona chumbani. Pumueni pamoja taratibu. Hofu hushuka mwili ukipata kitu cha kushika.

Mwambie ukweli kuhusu siri mapema, kabla hajasema lolote: "Sitatangaza mambo yako. Lakini wapo watu wachache lazima niwaambie ili utibiwe na usalimike, na kila mmoja nitakutajia kwanza." Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa, na ukishamvunjia ahadi moja hatakuamini tena.

## Hatua ya 2: Sikiliza, usihoji

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Kila anayepokea mtoto anataka kujua yote: ilikuwaje, mbona hukupiga kelele, ulikwenda kufanya nini kule. Maswali hayo yanamwumiza, na yanaharibu ushahidi, kwa sababu akisimulia mara tano kwa watu watano maelezo yatapishana kidogo, na wakili wa utetezi atashika hapo hapo.

Wewe unahitaji mambo manne tu: nini kimetokea kwa ufupi, ni nani, lini, na kama ana maumivu au anatoka damu. La tano liulize mwishoni: "Unaogopa kurudi nyumbani leo?"

Uliza kwa mlango wazi. "Nini kimetokea?" ni sawa. "Ni baba yako wa kambo, sivyo?" ni kumlisha maneno. Asiyekimudu Kiswahili vizuri, mwache aseme Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua. Mkalimani awe mtu wa nje ya ukoo.

Mambo ya kumwambia, na uyaamini unapoyasema: "Nimekusikia." "Umefanya vema kusema." "Kosa si lako." Usimwahidi kwamba mtu huyo atafungwa.

Akikwambia hakupiga kelele wala hakukimbia, mweleze kwamba mwili ukizidiwa na hofu huganda, sauti haitoki na miguu haisogei. Kuganda si kukubali. Kwa mvulana ongeza jambo moja ambalo hatauliza mwenyewe: kama mwili wake ulisisimka, ule ni mwitikio wa mwili tu, hauna maana kwamba alitaka. Wavulana wetu wametoka jandoni na somo kwamba mwanamume halii. Wengi hukaa na fumbo hili mpaka linawala.

Kisha andika. Saa, mahali, nani alikuwepo, na maneno yake kama alivyoyatamka, ndani ya alama za kunukuu. Akisema "alinifanyia tabia mbaya", andika "tabia mbaya". Usimsahihishie ikawa "alinibaka". Kama amemtaja mtu, andika jina na saa aliyolitaja. Mahakama huupa uzito ushahidi wa mtoto aliyemtaja mtuhumiwa mapema, na Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba ushahidi bora wa kosa la kubaka hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Mistari yako sita ya daftari yaweza kuisimamisha kesi mwaka mmoja baadaye.

Utajua umefaulu: mazungumzo hayakuzidi nusu saa, na mtoto ndiye aliyesema zaidi kuliko wewe.

## Hatua ya 3: Hesabu saa, linda ushahidi

Andika juu ya ukurasa: tukio lilitokea saa ngapi, sasa ni saa ngapi, zimebaki ngapi kufika 72. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua mwendo wako. PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo wengi wanaviita P2, hufanya kazi vizuri zaidi vikiwahi. Vyaweza kutolewa hadi saa 120, ila kinga hupungua.

Zikipita saa 72, bado mpeleke. Majeraha, magonjwa ya zinaa, mimba na moyo wake havina saa ya mwisho.

Kabla ya kuondoka:

- Asioge, asijisafishe sehemu za siri, asipige mswaki ikiwa alilazimishwa kwa mdomo. Akibanwa na mkojo aende, ila asijifute kwa nguvu.
- Asibadilishe nguo. Akiwa ameshabadilisha, chukua za awali bila kuzifua wala kuzikung'uta.
- Kila nguo ndani ya bahasha yake. Nguo ikiwa na unyevu, itandaze kivulini juu ya karatasi safi ikauke, kisha iviringishe na karatasi ile ile.
- Usitumie mfuko wa plastiki wala mfuko wa salfeti. Joto letu la pwani likikutana na unyevu, nguo inaota ukungu na vinasaba vinaharibika.
- Andika juu ya bahasha: nguo gani, imechukuliwa na nani, saa na tarehe. Funga, tia saini kwenye mkunjo, mkabidhi polisi mkononi. Kila anayeipokea aandike jina lake.

Kama tayari ameoga, usimlaumu hata kwa macho. Mama aliyemwogesha mwanawe alifanya kile ambacho mama yeyote angefanya. Endelea na safari.

## Hatua ya 4: Hospitali kwanza

Watu bado wanamzungusha mtoto mwenye damu kutafuta PF3. Matibabu ya dharura hayasubiri fomu. Muuguzi akisita, mwambie kwa heshima: "Dada, tuanze matibabu, fomu inafuata na afisa wa Dawati nimeshampigia." Fomu yaweza kuletwa akiwa wodini. Ukiwa na gari moja na kituo cha polisi kiko njiani, piteni. Kikiwa upande mwingine, nendeni hospitali.

Mweleze kijana kitakachofanyika kabla hajaingia: nani atampima, sehemu gani, kwa nini. Ana haki ya kusema subiri au acha. Aulizwe anataka kupimwa na mwanamke au mwanamume, na nani akae naye. Mtu huyo si lazima awe mzazi.

Hakikisha haya hayasahauliki:

1. Majeraha yametibiwa na yameandikwa.
2. Sampuli zimechukuliwa kabla ya kumsafisha.
3. Kipimo cha VVU kimefanyika, na PEP imeanza. Dozi ni siku 28, na ya kijana mdogo hupangwa kwa uzito wake.
4. Msichana aliyevunja ungo amepimwa mimba na kupewa vidonge vya dharura. Hata ambaye hajaona hedhi ila matiti yameanza kuota, uliza; mimba yaweza kutangulia hedhi ya kwanza.
5. Dawa za magonjwa ya zinaa zimetolewa, na chanjo za homa ya ini B na pepopunda zimeangaliwa.
6. Tarehe za kurudi zimeandikwa, zikiwemo za kurudia kipimo cha VVU baada ya wiki 6 na miezi 3.

Bikira haipimwi kwa vidole. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2018 kwamba kipimo hicho hakina maana ya kitabibu na kinamdhalilisha mtoto. Na daktari kuandika "hakuna mchubuko" hakumaanishi hakuna kilichotokea. Waeleze wazazi hivyo mapema, maana kauli hiyo ikifika kijijini inageuka kuwa "mtoto kadanganya".

## Hatua ya 5: Polisi na karatasi

Nenda Dawati la Jinsia na Watoto, si kaunta ya mbele ambako kila anayeshtaki kuibiwa baiskeli anasikiliza. Omba kijana aandikishe maelezo mara moja tu, chumbani, nawe au mtu anayemwamini akiwepo. Andika namba ya taarifa, namba ya PF3 na jina la mpelelezi.

Beba uthibitisho wa umri: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, au barua ya shule. Chini ya miaka 18, kusema "alikubali" au "ni mpenzi wake" hakumwondolei mtuhumiwa kosa, lakini umri huo lazima uthibitishwe. Kesi zimeanguka kwa sababu hakuna aliyethibitisha mtoto ana miaka mingapi. Mama akiwa hai, mkumbushe kwamba yeye mwenyewe ataulizwa mwanawe alizaliwa lini.

Mtuhumiwa akiwa naye ni mtoto, naye anahitaji afisa ustawi. Awe afisa mwingine, si wewe.

## Hatua ya 6: Usiku wa leo analala wapi?

Usimwache kabla hujajibu hili. Kama anayetuhumiwa analala nyumba ile ile, au ndiye anayewalisha, mtoto asirudi. Anzia kwa ndugu anayemtaja mwenyewe: bibi, shangazi, mama mkubwa. Nenda ukaone mlango, kitanda, na nani mwingine analala humo. Ikishindikana, afisa ustawi wa halmashauri atafute familia ya kuaminika iliyosajiliwa.

Si haki mtoto ndiye ahame huku aliyemdhuru amebaki. Sukuma mtuhumiwa akamatwe, na uandike mtoto amehamishwa kwa muda.

## Hatua ya 7: Ukoo, mjomba na "tumalizane"

Kusini kwetu mjomba ana neno zito kuliko baba katika koo nyingi, na ukimruka atakurudi. Mtafute siku hiyo hiyo, mapema, kabla upande wa pili haujamfikia. Mara nyingi wanamfikia wakati wa minada ya korosho, fedha ikiwa mkononi, na maneno yanaanza: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, tutatoa faini, au huyu kijana atamwoa tu.

Usiende kugombana. Mpe nafasi yake ya mlezi:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Nimekuja kwako kwa sababu mtoto huyu ni wako. Hospitali imeanza dawa, zinakwenda siku 28. Nakuomba wewe uwe wa kuhakikisha hakuna anayemsogelea kwa maneno wala kwa fedha."

"Wenzetu wametuma mtu, wanataka tukae."

"Wakikaa nawe, mjomba, kosa halifutiki. Kesi ni ya Jamhuri, si ya ukoo. Adhabu ya kubaka ni jela si chini ya miaka 30, na anayeficha ushahidi au kupokea fedha kulizima jambo anajiingiza mwenyewe."

Wengi hubadilika pale wanapopewa kazi ya kulinda badala ya kusutwa. Asiyebadilika, andika jina lake na umjulishe mpelelezi. Funika kombe mwanaharamu apite imewaacha watoto wetu wengi wakiishi jirani na waliowaumiza, wakisalimiana nao kila asubuhi kisimani.

Utasikia pia: "Huyu ameshachezwa, ni mtu mzima." Mtoto kutoka unyagoni hakumwongezei miaka mbele ya sheria. Mwone kungwi au nyakanga wake mwenyewe, kwa adabu, umwombe aseme hivyo kwa kinywa chake. Neno lake litafika mahali ambapo barua ya halmashauri haifiki.

Zuia picha na majina kwenye makundi ya WhatsApp. Mwenyekiti wa kijiji akitaka kuitisha mkutano "kukemea", mwombe akemee bila kutaja kaya.

## Hatua ya 8: Siku 28 na baada yake

Siku ya tatu wageni wameondoka, na hapo ndipo kazi yako inapoanza upya. PEP huleta kichefuchefu, na kopo lake likionekana nyumbani watu wanasema mtoto ana UKIMWI. Mweleze mama mbele ya mtoto kwamba hizi ni dawa za kukinga. Chagueni saa moja ya kumeza inayofuatana na mlo, na mtu mmoja wa kumkumbusha. Piga simu au pita kila siku wiki ya kwanza, kisha mara mbili kwa wiki. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, uliza kliniki, asiache mwenyewe.

Ndoto za kutisha, kukojoa kitandani, hasira, kukataa kula, kujikunyata akisikia sauti ya mwanamume: hayo hutokea sana wiki za mwanzo na mara nyingi hupungua. Mrudishie mambo ya kila siku: kupika na bibi, mpira, swala au kanisa, usingizi wa saa ile ile. Usimlazimishe kusimulia ili "atoe moyoni". Kusukumwa kusimulia tukio hakumponyi, na huweza kumrudisha pale pale.

Muulize moja kwa moja: "Wakati mwingine mtu akipita haya huwaza kufa. Wewe umewaza?" Swali halimpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na umpeleke hospitali siku hiyo. Kabla hata hajajibu, mwombe mwenye nyumba aondoe salfa na viuatilifu vya mikorosho vilivyowekwa uvunguni au darini. Karibu kila kaya ya mkulima huku inavyo, na ndivyo mkono hufikia kwanza.

Dalili zikizidi mwezi mmoja, au akianza kujikata au kuacha kusema kabisa, mpe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi.

## Hatua ya 9: Shule

Mwone mkuu wa shule, usimwandikie. Mwambie kwamba mwanafunzi ana matibabu na ruhusa. Undani aujue mkuu na mwalimu wa malezi pekee. Kama mtuhumiwa ni mwalimu au mwanafunzi wa pale pale, omba uhamisho wa mtuhumiwa au wa darasa kabla ya siku ya kurudi.

Akipata mimba, shule haijaisha. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi katika mfumo rasmi. Nenda na mzazi, chukua barua, fuatilia mpaka akae darasani.

## Hatua ya 10: Mahakamani

Kesi za namna hii husikilizwa faragha. Wiki moja kabla, mpeleke akaone chumba kikiwa tupu: hakimu anakaa wapi, yeye atasimama wapi, nani atakuwepo. Usimfundishe la kusema. Mfundishe kusema "sijui", "sijaelewa swali" na "naomba maji". Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, kwa kuahidi kusema kweli.

Panga nauli, chakula na njia ya kuingia isiyomkutanisha na ndugu wa mtuhumiwa. Kesi ikiahirishwa, na huahirishwa, mwambie siku hiyo hiyo tarehe mpya. Mawasiliano yakikatika miezi miwili mitatu, utakuta familia imeshahamia shamba na shahidi hapatikani.

Faili usilifunge kwa sababu hukumu imetoka. Lifunge pale vipimo vyote vya kurudia vimekwisha, analala mahali salama, yuko shule au kwenye shughuli yake, na mwenyewe amekwambia anaweza kuendelea bila wewe. Ukihamishwa kituo kabla ya hapo, mkabidhi kwa afisa anayekupokea ana kwa ana, kijana akiwepo, na daftari likabidhiwe likiwa na kufuli lake.